Kukatizwa Dawa za Sonona Ukingoni mwa Maisha: Hatari Iliyojulikana Mapema

Historia ya dawa za sonona na historia ya tiba shufaa zilianza karibu wakati mmoja, lakini zilichelewa kukutana. Mwaka 1957 Roland Kuhn, daktari wa magonjwa ya akili huko Münsterlingen, Uswisi, alitangaza matokeo ya imipramini kwa wagonjwa wa sonona. Mwaka 1967 Cicely Saunders alifungua Hospisi ya St Christopher's, London. Katikati ya matukio hayo, mwaka 1961, Kramer, Klein na Fink walichapisha nchini Marekani makala kuhusu dalili zilizowapata wagonjwa walioachishwa imipramini. Hatari hiyo, basi, ilikwisha kuandikwa kabla hospisi hiyo haijapokea mgonjwa wa kwanza.

Kilichobadilika baadaye ni jina. Baada ya fluoksetini kuidhinishwa Marekani mwaka 1987, machapisho ya miaka ya 1990 yalianza kupendelea istilahi ya "dalili za usitishaji", iliyoziweka dawa hizi mbali na afyuni na pombe. Utafiti wa Rosenbaum na wenzake wa mwaka 1998, uliofadhiliwa na watengenezaji wa fluoksetini, ulikatiza dawa kwa siku 5 hadi 8. Waliotumia paroksetini walipata dalili nyingi. Waliotumia fluoksetini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu, walipata chache. Maslahi ya mfadhili hayafichiki. Hata hivyo, mkatizo wa ghafla kama huo ndio humpata mgonjwa mahututi anaposhindwa kumeza, na dawa nyingi za jamii hiyo hazina sindano.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kichefuchefu kitahusishwa na mofini, na fadhaa itachukuliwa kuwa mahangaiko ya kukata roho. Mgonjwa hutulizwa kwa midazolamu bila mtu kuuliza kidonge cha mwisho kilimezwa lini. Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2009 ulieleza kuwa dalili hizo kwa kawaida ni hafifu na huisha kwa takribani wiki moja, maneno yaliyorekebishwa mwaka 2019 baada ya kukosolewa. Kwa mgonjwa aliyebakiwa na siku chache, hata wiki hiyo moja haikuwa faraja. Kilichowezekana ni kupunguza dozi taratibu, au kuhamia dawa ya maji au fluoksetini, wakati koo lingali linapitisha.