Minyoo ya mbwa: mtoto wa mbwa anazaliwa nayo

Huku kwetu mashariki, toka Bunia mpaka Uvira, familia mingi zinafuga mbwa kwa kulinda lupango usiku. Mchana watoto wanacheza peku kwenye udongo ule ule mbwa anapojisaidia. Minyoo inapita hapo.

Ni minyoo gani?

Ya kwanza ni minyoo mviringo, Toxocara canis, mieupe na mirefu kama tambi. Mama anaipitisha kwa watoto wake wakiwa bado tumboni, kisha tena kwa maziwa. Ndiyo maana unaona kambwa kadogo kana tumbo kubwa na mbavu inje, hata kama kanakula. Watu wanasema ni njaa, kumbe mara mingi ni minyoo.

Ya pili ni safura, inanyonya damu. Fizi zinakuwa nyeupe, choo kinakuwa cheusi, na mtoto wa mbwa anaweza kufa. Ya tatu ni tegu: vipande vyake vinafanana na punje za mchele chini ya mkia. Aina yake ya kawaida, mbwa anaipata akimeza kiroboto.

Na sisi watu?

Yai la Toxocara haliambukize siku linapotoka. Linakomaa kwenye udongo wiki mbili ao zaidi, kisha linaweza kuishi miaka. Mtoto akitia mikono michafu mu kinywa, vijiminyoo vinatembea mpaka kwenye ini, mapafu, hata jicho, na jicho linaweza kupofuka. Safura ya mbwa inapenya ngozi ya mguu, inaacha mistari yenye kuwasha.

Ufanye nini?

Okota mavi kila siku, uyatupe mu shimo la choo, mbele mayai yakomae. Nawisha watoto mikono na sabuni.

Usingoje kuona minyoo, juu mayai hayaonekane na macho. Watoto wa mbwa wapewe dawa wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, pamoja na mama yao, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mbwa mkubwa ni kila miezi 3. Pirantel inaua minyoo mviringo na safura. Tegu inataka prazikwanteli. Kipimo kinafuata kilo za mbwa, basi uliza veterineri kwanza.