Kakapo, Kasuku Asiyeruka
Kakapo wa Nyuzilandi ndiye kasuku mzito kuliko wote duniani. Dume hufikia kilo 4. Manyoya yake ya kijani yenye madoa meusi na ya njano humficha vizuri kati ya kuvumwani, na uso wake ni wa mviringo kama wa bundi. Haruki. Hutembea usiku na hupanda miti kwa kucha na mdomo. Msimu wa kujamiiana, dume hukaa katika kishimo alichokichimba na kutoa mvumo mzito unaosikika kilomita kadhaa. Jike hutaga miaka ile tu mti wa rimu unapozaa kwa wingi.

Kakapo akihisi hatari hutulia tuli. Mbinu hiyo ilimfaa dhidi ya ndege wawindaji, lakini ilimponza vibaya mbele ya paka na panya walioletwa kwa meli, wanaowinda kwa kunusa. Mwaka 1995 kakapo waliojulikana kubaki walikuwa 51 pekee. Tangu hapo wameongezeka, wengi wakitunzwa kwenye visiwa vilivyoondolewa paka na panya hao, kikiwemo Whenua Hou.