Nani Katunga Swali?

Mhadhiri akipata ruzuku ya utafiti sisi hupiga makofi. Sawa, lakini tuulize pia: swali lenyewe katunga nani? Chukueni Usukuma, nchi ya Shinyanga, ambayo watu wake wameenea hadi Geita ya dhahabu. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma; mwaka 1954 kingine juu ya utawala wao wa jadi, na jina lake likatangaza kabisa kuwa kina mapendekezo ya kuurekebisha. Hapo mhakiki hushtuka: jalada tu limeshamtaja mlipaji! Waliosimulia ni wazee, aliyejibiwa ni Gavana.

Mwaka 1983 Buluda Itandala alipata udaktari Dalhousie, Kanada, kwa historia ya Wabinza wa Usukuma hadi 1890. Swali likahama, kutoka “tuwatawaleje?” hadi “walikuwa nani kabla ya kutawaliwa?” Ila lugha ikabaki Kiingereza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, enyi wenye ruzuku, mzee wa Shinyanga aliyewasimulia atasoma nini?