Ufuko wa Wenye Vigingi

Ufuko wa Paje, mashariki ya Unguja, haukuwa mahali pa harusi. Ndoa ilifungwa msikitini au nyumbani, na bibi harusi alifichwa ndani. Ufukweni watu walifanya kazi: wanaume walivuta ngalawa, wanawake walichokoa pweza na kufukia makumbi ili wapate nyuzi za kusokotea kamba. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza hapo na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino, wanawake wengi walianza kushika fedha zao wenyewe. Hoteli zilipoongezeka, zikaja na harusi.

Dada yangu naye anaitaka: mwezi mpevu, saa kumi alasiri. Nikamwambia mwezi mpevu ni bamvua, na Unguja maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi hiyo hiyo. Viti vitaelea. Tukahamia siku za maji mafu.

Lililobaki halikuwa la mwezi. Mpambaji alitaka vigingi vya mwani viondolewe ili picha zipendeze. Vigingi vile ni shamba la mtu. Maji yakipwa asubuhi ya bamvua, mwenyewe hushuka kufunga mbegu kwenye kamba. Nani humwomba jirani ang'oe mihogo yake kwa ajili ya picha?

Anayepanga harusi ufukweni anaazima mahali pa kazi. Na kwetu jirani haombwi ruhusa tu, hualikwa. Basi orodha ya waalikwa ianze na wenye vigingi.