Maneno ya Wageni Katika Nchi ya Korogwe

Manundu ni sehemu ya mji wa Korogwe, katika bonde la mto Pangani. Mtu atokaye Tanga kwenda Moshi hupita katika mji huu, na reli na barabara zimeufanya tangu zamani kuwa mahali pa kukutania lugha nyingi. Kizigua, Kibondei na Kisambaa husikika hapa, na Kiswahili kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara. Siku hizi mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukaririshwa misemo ya Kiingereza, na wazazi hudhani tabu hiyo imeanza na mtoto wao. Tukiwaacha wachache waliosomeshwa na wamisionari wa Kiingereza huko Magila, watu wa nchi hii wamekuwa wakijifunza Kiingereza cha kila siku tangu mwaka 1916, wengi wao bila daftari wala kalamu. Historia ya kujifunza huko imehifadhiwa ndani ya Kiswahili chenyewe.

Kabla ya Waingereza walikuwapo Wajerumani. Reli waliyoianza Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Lakini hawakukieneza sana Kijerumani, kwani maakida na majumbe waliendesha kazi za serikali kwa Kiswahili. Hivyo walipoondolewa na majeshi ya Jenerali Smuts, yaliyoingia Korogwe mwezi Juni 1916, hawakuacha wasemaji wa lugha yao, bali maneno machache. Shule ni neno lao. Hela ni neno lao pia, kutokana na sarafu ndogo waliyoitoa mwaka 1904. Wenzetu wa Zanzibar, ambao walikuwa chini ya himaya ya Waingereza, walizoea kusema skuli. Basi mtoto wa Korogwe na mtoto wa Unguja, wakienda kusoma asubuhi moja, kila mmoja huitaja bila kujua bendera iliyopepea juu ya babu yake.

Baada ya vita hivyo, shamba la mkonge ndilo lililowakutanisha watu wengi na maneno ya Kiingereza. Mkonge uliletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Korogwe, kama Ngombezi, ambayo wenyewe baadhi yao walikuwa Wagiriki, Waswisi na Wahindi, watu ambao Kiingereza kwao pia kilikuwa lugha ya kujifunza. Wenyeji walikuwa na mashamba yao ya chakula, wala hawakuwa na haraka ya kukata majani ya mtu mwingine. Ndipo wakaletwa watu wa mbali kwa mkataba: Waha, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi. Kila mmoja aliandikwa kwa nambari, akahesabiwa kwa hiyo. Neno la Kiingereza likawa namba, na watu waliobandikwa namba wakaitwa manamba.

Neno hili lastahili kutazamwa vizuri, maana halikufundishwa na mwalimu yeyote. Watu walilichukua kutoka katika daftari la karani, wakalivika ma-, kama katika mabwana na makarani, ila safari hii kwa watu wasio na ubwana wala ukarani. Sijui kitabu kilichoeleza mkataba wa kazi wa kikoloni kwa ufupi zaidi. Wala si kila kitu kilihitaji neno la mgeni. Kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi, hadi zitimie 30, iliitwa kipande. Msimamizi aliitwa mnyapara, neno la misafara ya zamani.

Mwenye shamba naye alijifunza lugha, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha amri: lete, ondoa, haraka. Huko Kenya walikiita Kisetla. Si Wazungu wote waliojifunza hivyo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikaa na wasimulizi akaandika hadithi zao kama alivyozisikia, akazichapisha mwaka 1870.

Barabara zilipoongezeka, maneno mengine yakaingia kwa mlango ule ule. Bamba la kuzuia matope juu ya gurudumu lilikuwa na jina la Kiingereza lianzalo kwa ma-. Sikio la Mswahili likaidhani ma- hiyo kuwa ya wingi. Basi mawili yakawa madigadi, na moja likawa digadi. Tena, kwenye mizunguko ya barabara palisimamishwa vibao vya kumwamuru dereva ashike kushoto. Amri nzima ikageuka jina la mahali, kipilefti, na wingi wake vipilefti, kama kitabu na vitabu. Mwingereza hakukusudia kabisa kututajirishia ngeli.

Katika shule mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu, wakaona kwamba wengi hawakimudu Kiingereza kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Nadhani sehemu ya sababu yaonekana katika historia hii. Manamba alilipata neno akiwa na kitu cha kulitajia. Mwanafunzi hupewa neno kwanza, akangojea kitu ambacho huenda kisije. Nisieleweke kwamba nausifu mkonge: maneno yale yalitoka katika kazi ngumu na ujira mdogo, na Kiingereza kile hakikupita sana hesabu na amri.

Majina ya vitu yalivuka kwa urahisi, lakini misemo mingi haikuvuka. Mwingereza husema kwa mzaha kwamba marehemu ameipiga teke ndoo. Sisi husema amekata kamba. Chumvi ni mfano mzuri zaidi. Kwetu atiaye chumvi ni msemaji, anapoikuza habari. Kwa Mwingereza chumvi hutiwa na msikilizaji, punje moja tu, anapopokea habari asiyoiamini. Aliyekariri orodha bila kuelezwa hayo atamlaumu asiyehusika.

Mvulana wa Manundu akiandika kwa Kiingereza kwamba kaka yake amepata jiko, kalamu nyekundu huikata sentensi mara moja. Afadhali mwalimu amwulize kwanza jiko hilo ni nini, kisha awaulize wenzake Mwingereza angesemaje juu ya kaka huyo aliyeoa. Watabishana, na kengele italia kabla orodha ya siku hiyo haijafunguliwa.