Nyanya Isiyo Nyekundu

Leo twasoma habari ya nyanya. Najua wengine mtacheka, maana nyanya ni kitu cha kila siku, na akina mama waijua kuliko mimi. Lakini jiulizeni jambo moja. Ukienda sokoni ukakuta mafungu mawili, moja la nyanya nyekundu na jingine la nyanya zenye rangi ya chungwa lililoiva, utanunua lipi? Nadhani wengi mtachukua nyekundu, na zile nyingine mtasema hazijaiva. Hivyo ndivyo walivyofanya Wamarekani zaidi ya miaka 60 iliyopita, na hiyo ndiyo historia nitakayowasimulia.

Kwanza tujue asili yake. Nyanya haikutoka Afrika wala Ulaya. Jamaa zake wa porini huota Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru na Ecuador. Wahispania walipofika Mexico katika karne ya 16 waliwakuta wenyeji wakiilima na kuila, wakachukua mbegu kwao Ulaya. Mwaka 1544 mganga mmoja wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliandika habari za tunda hili, akalitaja kuwa na rangi ya dhahabu linapoiva. Mpaka leo Waitalia huiita nyanya kwa neno ambalo maana yake ni tofaa la dhahabu. Basi nyanya ya njano si nyanya mgonjwa, wala si ujanja wa siku hizi. Hata hivyo watu wengi wa Ulaya waliiogopa kwa muda mrefu, kwa sababu ni ya ukoo wa mimea yenye sumu, wakaipanda bustanini kwa kuitazama tu. (Mnavu na biringani ni wa ukoo huo huo, nasi twala.)

Sasa tuingie ndani ya rangi yenyewe. Wekundu wa nyanya hutokana na kitu kiitwacho laikopini. Rangi ya chungwa, mara nyingi, hutokana na karotini, ile ile iliyomo katika karoti na papai. Tofauti yake ni kubwa. Mwili wa mtu waweza kugeuza karotini kuwa vitamini A. Laikopini hauwezi kuigeuza hivyo.

Hapa tusimame kidogo. Mtoto anayekosa vitamini A huanza kwa kutoona jua likishatua. Wenzake wangali wakicheza, yeye apapasa ukuta. Upungufu ukizidi, jicho hukauka, hupata kidonda, na mwisho huweza kupofuka kabisa. Tena mwili wake huwa dhaifu mbele ya magonjwa, hasa surua. Nyanya nyekundu ya kawaida inayo karotini, lakini kidogo.

Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana huko Marekani, walipima nyanya za namna nyingi, za shambani na za porini. Kati ya zile za porini kulikuwa na moja yenye shina lenye manyoya na matunda madogo, ambayo hubaki ya kijani hata yakiiva. Ukiiona hungedhani ina lo lote la kutufaa. Lakini ilipozalishwa na nyanya nyekundu, katika vizazi vilivyofuata yalitokea matunda ya rangi ya chungwa, yamejaa karotini. Mwaka 1950 Bwana Lincoln na Bwana Porter walieleza jinsi urithi huo unavyopita kutoka mzazi hadi mtoto. Na mwaka 1958 Bwana Tomes na Bwana Quackenbush wa chuo hicho walitangaza mbegu mpya, wakaiita Caro-Red. Nyanya yake ilikuwa na vitamini A yapata mara 10 kuliko nyanya ya kawaida.

Iliwezekanaje? Fikirini nyanya kama karakana yenye mafundi wawili. Fundi wa kwanza hutengeneza laikopini. Wa pili huichukua laikopini na kuigeuza kuwa karotini. Katika nyanya ya kawaida, tunda linapoiva, fundi wa pili karibu huacha kazi, na laikopini hujaa ghalani. Ndipo tunda likawa jekundu. Katika nyanya ya chungwa fundi huyo hufanya kazi kwa bidii mpaka mwisho. Jambo hili lilieleweka barabara mwaka 2000, kwa uchunguzi uliofanywa Jerusalem. Kwa hiyo nyanya ile haikushindwa kufika kwenye wekundu, imeupita. Tena iko aina nyingine ambayo fundi wake wa pili ameharibika. Nyanya yake huwa nyekundu sana, nzuri kwa macho, na karotini yake huwa pungufu.

Caro-Red haikupata soko. Watu walizoea kwamba nyanya ni nyekundu, na wengine hawakuipenda ladha yake. Mimi siwalaumu sana. Mtu hanunui vitamini. Anunua nyanya ya mchuzi wake, na mchuzi una sura yake. Mbegu ile ikabaki kwa wapenda bustani wachache.

Msifikiri basi kwamba kila rangi ngeni ni bora. Nyanya ya njano iliyopauka mara nyingi imepungukiwa na laikopini na karotini pia. Iko nyanya nyingine ya chungwa ambayo rangi yake si ya karotini, bali ni ya laikopini yenye umbo lingine. Mwaka 2015 wataalamu wa Ohio waliwapa watu 11 maji ya nyanya hiyo na ya nyanya nyekundu, wakaona kwamba laikopini ya ile ya chungwa iliingia mwilini mara 8.5 zaidi. Ziko pia za zambarau, kama ile iliyotolewa Oregon mwaka 2012, ambayo ngozi yake hugeuka rangi pale tu ilipopigwa na jua. Zinasifiwa mno, lakini zambarau yenyewe haileti vitamini A.

Kwetu Afrika ya Mashariki rangi ya chungwa ilipita kwa mlango mwingine, nao ni kiazi kitamu. Mwaka 2004 Uganda ilitoa kwa wakulima aina mbili za viazi vyenye nyama ya rangi hiyo, Kakamega na Ejumula. Mwaka 2016 Bwana Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya namna hii. Viazi hivi vilipelekwa pamoja na maelezo: akina mama waliambiwa rangi ile ina nini na mtoto atapata nini.

Kabla ya somo lijalo, nendeni sokoni mkamwulize mwuza nyanya kama amewahi kuletewa za njano au za chungwa, na alizifanya nini. Yaandikeni majibu kwa sentensi tano, mkayasome darasani. Na mkizipata, zipikeni na mafuta kidogo, kwa maana karotini huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa na mafuta. Kwaherini.