Mapokezi ya Muziki Mjini Goma, 2000–2019
Uhakiki wa muziki, yaani tathmini ya maandishi inayoipima albamu mpya na kumpa msanii chipukizi jina, ulikuzwa nchini Kongo zaidi mjini Kinshasa, zilikokuwa studio na magazeti, hivyo wasanii wa Goma, mji ulio umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, walipimwa kwanza na hadhira iliyosimama mbele yao. Hadhira hiyo ilihitaji mahali pa kukutana, na hapo ndipo ulipo mchango mkubwa wa Yole!Africa, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa Kampala mwaka 2000 na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kisha kikaota mizizi Goma, mji ambao lava ya volkano ya Nyiragongo iliuunguza sehemu kubwa Januari 2002.

Mwaka 2010 Innoss'B, mzaliwa wa Goma aliyekuwa bado mtoto, alishinda Vodacom Superstar, shindano la kitaifa la uimbaji. Ushindi huo, kwa haki kabisa, uliilazimisha Kinshasa, mji mkuu, kuisikiliza mashariki ya nchi, iliko Goma. Tamasha la Amani, lililopangwa kufanyika Agosti 2013 likaahirishwa kwa sababu ya mapigano, lilifunguliwa Februari 2014 katika uwanja wa Chuo cha Mwanga mjini Goma, na huko vijana wa mji walipanda jukwaa moja na wageni wa kimataifa. Mwaka 2019 wimbo wa Innoss'B "Yo Pe", uliorudiwa pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, ulipendwa kote Afrika Mashariki.